Upasuaji wa Kupunguza Uzito: Mazungumzo ya Nyumbani Kabla ya Kwenda Hospitali

Anayefikiria upasuaji wa kupunguza uzito kwa kawaida amekwishajaribu mengi. Ameacha wali usiku, amekunywa maji ya ndimu na tangawizi, amelipia gym, amepungua kilo 10 na zikarudi na nyongeza. Tusimwite mvivu. Mwili ukipungua sana huongeza njaa na kubana matumizi ya nguvu, ukitaka kurudi ulipokuwa. Basi yale maneno ya "funga mdomo tu" hayamsaidii mtu, na tunawaomba walio nyumbani wayaache kabla ya kusoma zaidi.

Kijitabu hiki ni cha mgonjwa na wale anaokula nao. Daktari atamaliza kazi yake kwa saa chache. Kazi inayobaki ni ya miaka, na sehemu kubwa inafanyika jikoni kwenu.

Nani anafaa

Wahudumu wa afya hutumia kipimo kiitwacho BMI, na unaweza kukikokotoa mwenyewe. Chukua urefu wako kwa mita, uuzidishe kwa wenyewe, kisha gawanya uzito wako kwa jibu hilo. Mwanamke wa mita 1.60 anapata 2.56, akiwa na kilo 102, BMI yake inakaribia 40. Kuanzia 30 mtu anahesabiwa kuwa na unene uliopitiliza.

Kwa zaidi ya miaka 30 madaktari wengi walifuata mwongozo wa Marekani wa 1991: upasuaji kwa mwenye 40 na kuendelea, au 35 akiwa pia na maradhi yatokanayo na uzito. Mwaka 2022 vyama vya kimataifa vya madaktari wa fani hii vilishusha viwango: 35 hata bila maradhi mengine, na 30 kwa mwenye kisukari aina ya pili. Kwa wenye asili ya Asia viwango viko chini kidogo. Mtu mwenye 27, asiye na ugonjwa wowote, anayetaka gauni la harusi limkae vizuri, huu si upasuaji wake, hata kama yuko tayari kulipa.

Wapo wanaotakiwa kusubiri: mjamzito, mvuta sigara ambaye hajaacha, mwenye tatizo la pombe, mwenye sonona au tatizo la kula kwa pupa ambalo halijatibiwa. Kusubiri si kunyimwa. Hayo yanatibiwa kwanza, kisha mnarudi mezani.

Kinachofanyika tumboni

Aina mbili ndizo zinazofanywa zaidi duniani. Ya kwanza hupunguza mfuko wa tumbo: robo tatu yake au zaidi inakatwa na kutolewa, kinabaki kimfuko chembamba chenye umbo la ndizi. Kilichotolewa hakirudishwi. Ya pili huacha kifuko cha takriban mililita 30 juu ya tumbo, kisha kifuko hicho huunganishwa na utumbo mwembamba, ili chakula kiruke sehemu kubwa ya tumbo na mwanzo wa utumbo. Zote mbili hufanywa kwa matundu madogo, mgonjwa akiwa kwenye nusu kaputi. Mwenye kiungulia kikali amwambie daktari mapema, kwa sababu aina ya kwanza inaweza kukizidisha.

Njia nyingine zipo. Kuna puto linaloingizwa tumboni kupitia mdomoni bila kupasua, likakaa miezi kadhaa na kutolewa. Tanzania huduma hiyo inatolewa Hospitali ya Taifa Muhimbili, Mloganzila. Kuna pia sindano za kila wiki. Katika utafiti mmoja mkubwa, waliotumia semaglutide pamoja na kubadili mlo na kufanya mazoezi walipungua kwa wastani karibu asilimia 15 ya uzito wao katika wiki 68. Wengi wakiacha dawa, sehemu kubwa ya uzito hurudi. Sindano inayouzwa mtandaoni bila daktari usiiguse.

Unachopata na unachohatarisha

Faida ni kubwa kuliko wengi wanavyodhani. Wasweden walianza mwaka 1987 kufuatilia watu zaidi ya 4,000 wenye unene uliopitiliza, nusu wakapasuliwa, nusu wakapata matibabu ya kawaida. Baada ya miaka mingi, vifo vilikuwa vichache upande wa waliopasuliwa. Miongoni mwa waliokuwa na kisukari, asilimia 72 walikuwa wamepata nafuu kamili baada ya miaka 2. Baada ya miaka 10 walibaki asilimia 36. Matangazo hupenda namba ya kwanza. Ninyi amueni mkiwa na zote mbili mkononi. Sukari yaweza kushuka siku chache tu baada ya upasuaji, kwa hiyo dozi za insulini na vidonge lazima daktari azipange upya kabla mgonjwa hajarudi nyumbani.

Kuhusu hatari, utafiti wa Marekani uliotolewa mwaka 2009, katika hospitali zenye uzoefu, ulikuta watu 3 katika kila 1,000 walifariki ndani ya siku 30. Ni wachache, lakini ni watu. Anayewauguza ajue dalili hizi: mapigo ya moyo kwenda mbio, homa, maumivu ya tumbo yanayoongezeka, kupumua kwa shida, mguu mmoja kuvimba. Huenda mshono wa ndani unavuja au damu imeganda. Msikae mkisema ni gesi. Hospitali, usiku huohuo.

Mezani

Wiki za kwanza ni vimiminika: supu iliyochujwa, maziwa, uji mwepesi usiotiwa sukari. Baadaye huja vyakula vya kuponda, kisha vilaini, na baada ya mwezi na nusu au miwili ndipo chakula cha kawaida kinarudi, kidogo kidogo. Sahani inakuwa kisosi. Samaki, yai, kuku au maharage huliwa kwanza, maana protini ndiyo inayolinda misuli. Mboga zinafuata. Ugali ni wa mwisho, tonge mbili tatu zikipata nafasi. Kila tonge itafunwe mpaka ilainike kabisa, na maji yasubiri nusu saa baada ya kula. Chapati, wali mkavu na nyama ngumu huwakwama wengi: donge kifuani, mate yanajaa mdomoni, mtu anakimbilia chooni. Aliyeunganishwa utumbo akinywa soda au chai yenye sukari nyingi anaweza kutokwa jasho, moyo ukaenda mbio, akaharisha.

Sasa ni Jumapili mchana, shangazi kaja kutoka Tanga. "Mwanangu, mbona huli? Pilau langu limekukosea nini?" Na kabla hajajibiwa, upawa umeshapita juu ya sahani. Mgonjwa asiachiwe kujitetea peke yake. Mume, dada au mtoto mkubwa aseme: "Shangazi, kashiba, daktari kampimia." Kubalianeni hilo mapema.

Mara nyingi mgonjwa ndiye mpishi wa nyumba. Nani atapika mwezi wa kwanza, asije akawa anaonja mchuzi kwa siku nzima? Nani atachota maji, kwa kuwa ndoo hazibebwi kwa wiki kadhaa? Kama hamna majibu, ahirisheni tarehe.

Mambo ya miaka

Vitamini na madini ni vya maisha: madini chuma, B12, kalsiamu, vitamini D, pamoja na vipimo vya damu kila mwaka. Jumlisheni gharama hiyo kwenye bajeti, na muulize bima inalipa nini. Anayetapika kwa siku nyingi arudi hospitali bila kungoja miadi. Akianza kuona vibaya, kuyumba au kuchanganyikiwa, huenda amekosa vitamini B1, na hiyo ni dharura.

Nywele hukatika miezi ya mwanzo, kisha kwa kawaida huota tena. Ngozi iliyolegea haijirudi yote. Mimba isubiri miezi 12 hadi 18, na itarajiwe mapema kuliko mnavyodhani, maana uzito ukipungua uwezo wa kushika mimba huongezeka. Vidonge vya uzazi wa mpango haviaminiki sana kwa aliyeunganishwa utumbo, basi aulize njia nyingine. Diclofenac na ibuprofen, dawa ambazo wengi wetu hununua dukani kama pipi, zinaweza kumletea vidonda vya tumbo. Pombe hulevya haraka zaidi. Anayetaka kufunga Ramadhani azungumze na daktari wake kabla, kwa sababu maji mengi hayawezi kunywewa kwa mkupuo wakati wa daku.

Wanaokwenda India au kwingine kupasuliwa wapate kwanza daktari wa nyumbani atakayewapokea, na warudi na ripoti kamili ya upasuaji. Nakala moja ikae kwa mgonjwa, nyingine kwa ndugu anayeweza kupigiwa simu saa nane za usiku. Daktari wa zamu atakayemkuta akiumwa tumbo miaka mitano baadaye atahitaji kujua limeunganishwa vipi.