Imani ni kumtegemea Mungu katika raha na katika taabu

Mkatekumeni huulizwa anaomba nini kwa Kanisa la Mungu, naye hujibu kwamba anaomba imani. Neno hilo ni fupi, lakini uzito wake ni mkubwa. Kukubali kwamba Mungu yuko hakutoshi; hata pepo wabaya wanajua kwamba yuko. Imani ni pia kujiweka mikononi mwa Mungu Baba na kukaa humo, siku ya mavuno na siku ya njaa.

Wako watu wanaofanya sala kuwa biashara. Husema moyoni: «Mimi nitasali, naye Mungu anipe afya, watoto na mali.» Mtoto wao akipatwa na homa, husali siku mbili, siku ya tatu huenda usiku kwa mpiga ramli, kuuliza ni nani aliyemroga. Watu hao hawakumtegemea Mungu. Walitegemea faida tu.

Mtazameni Mwenye Heri Isidore Bakanja, kijana wa Kongo. Alikuwa msaidizi wa waashi huko Mbandaka. Hapo alifundishwa dini, akabatizwa tarehe 6 Mei 1906. Alivaa skapulari ya Bikira Maria kuwa alama ya Ukristo wake. Baadaye alipata kazi katika shamba la Ikili, mahali pasipo padri wala kanisa. Huko alisali rozari yake, akawafundisha wenzake sala.

Msimamizi wa shamba alichukia dini. Alimkataza kufundisha, akamwamuru avue skapulari. Isidore aliomba ruhusa ya kurudi kwao, akanyimwa. Mwezi wa Februari 1909 alipigwa zaidi ya mapigo 100, kwa mjeledi wa ngozi ya tembo wenye misumari. Mgongo wake wote ukawa kidonda, nacho hakikupona. Mapadri walipomfikia mwezi wa Julai walimpa Sakramenti, wakamwomba amsamehe aliyempiga. Akajibu kwamba amekwisha kumsamehe, na kwamba akifika mbinguni atamwombea. Alikufa tarehe 15 Agosti 1909, akiwa na rozari yake na skapulari yake. Papa Yohane Paulo wa Pili alimtangaza Mwenye Heri tarehe 24 Aprili 1994.

Angalieni sana jambo hili: Mungu hakuuzuia mjeledi, wala hakukiponya kidonda. Je, alimwacha mtumishi wake? Sivyo. Alimpa moyo usio na chuki, na mjeledi haukuweza kuuvunja. Ndivyo ilivyokuwa kwa Bwana Yesu mwenyewe: Baba hakumwondolea msalaba, lakini siku ya tatu alimfufua.

Tena, kumtegemea Mungu si kukunja mikono. Mkulima na alime. Mgonjwa na apelekwe hospitalini, anywe dawa. Anayeonewa na atafute haki, kama Isidore alivyoomba kuondoka. Lakini mtu akiisha kufanya yote awezayo, moyo wake na ubaki kwa Baba.

Wala kulia si dhambi. Bwana Yesu alimlilia rafiki yake Lazaro. Mama aliyefiwa mtoto anaweza kulia na kuuliza: «Kwa nini?» Ila amwulize Mungu, asimwulize mpiga ramli. Anayemlilia Mungu bado yuko mikononi mwake.

MASWALI

Imani ni nini?
Ni kusadiki yote aliyotufunulia Mungu, na kumtegemea yeye siku zote.

Je, ubatizo huondoa taabu zote za dunia?
La. Huondoa dhambi na kutufanya watoto wa Mungu. Naye Baba hukaa nasi katika taabu.

Mkristo afanye nini ugonjwa ukiingia nyumbani?
Atafute dawa, asali pamoja na jamaa yake, asiende kwa mpiga ramli.

AZIMIO

Juma hili kila mkatekumeni amtembelee mgonjwa mmoja au mfiwa mmoja wa kijiji chake, akasali pamoja naye.

SALA

Ee Mungu Baba yetu, ulimtia nguvu mtumishi wako Isidore katika mateso yake. Utujalie sisi nasi tusikuache wakati wa raha wala wakati wa machozi. Kwa Kristo Bwana wetu. Amina.