Hita Ikigoma Minneapolis, Andika Barua

Januari hii nilibisha hodi kwa familia iliyotoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu. Nje baridi ya nyuzi hasi 24 za Selsiasi, ndani oveni ya gesi iko wazi, watoto wameizunguka wakiota moto. Niliizima kwanza, salamu baadaye. Gesi au mkaa ukiwaka ndani ya nyumba iliyofungwa hutoa kaboni monoksidi, hewa isiyo na harufu, na watu hufia usingizini.

Hita yao ilikuwa imegoma tangu juzi. Tukashuka besimenti. Ubavuni mwa mashine huwa kuna swichi inayofanana na ya taa, na wageni huizima wakidhani wanaokoa umeme. Yao ilikuwa imewashwa. Betri za themostati nzima, kifuniko cha mbele kimekaa sawasawa. Chujio lilikuwa jeusi kwa vumbi. Hewa isipopita, mashine huchemka na kujizima. Tukalitoa kwa muda. Bado. Nje, mabomba mawili meupe ya plastiki, la kuvuta hewa na la kutoa moshi, yalikuwa yamezikwa na theluji. Tukafukua, tukazima na kuwasha. Ikawaka. Lakini ukisikia harufu ya gesi, usiguse swichi yoyote: tokeni wote, mpige 911 mkiwa nje.

Isingewaka, ingekuwa kazi ya mwenye nyumba, na hapo ndipo nilipoumia mimi. Sheria ya Minnesota inamtaka atoe joto lisilopungua nyuzi 68 za Farenihaiti, yaani Selsiasi 20, kuanzia Oktoba 1 hadi Aprili 30. Mwaka wangu wa kwanza hita yangu iligoma, nikampigia mwenye nyumba wangu simu mara kumi na moja. Aliahidi tu. Nikazuia kodi, naye akanishtaki nifukuzwe. Hakimu akauliza barua niliyomwandikia mwenye nyumba iko wapi. Mimi niliyefundisha sekondari miaka tisa Mwanza, nikasimama pale mikono mitupu. Kodi nililipa, ila kesi ilibaki kwenye rekodi, na nyumba tatu nilinyimwa kwa sababu yake.

Kwa hiyo andika: tarehe, saa, picha ya themostati. Mtumie mwenye nyumba, baki na nakala. Piga 311, mji ulete mkaguzi. Zikipita saa 24 kimya, nenda mahakamani ukaombe amri ya dharura. Kodi ukitaka kuizuia, iweke mahakamani siku 14 baada ya barua, usikae nayo mfukoni. Haki hizi ni za mpangaji yeyote, hata aliyefika jana.



Familia ile tuliiandikia barua usiku uleule, hita ikinguruma: tarehe, saa, na lile chujio jeusi.