Somo la Biblia: Neno "Faulos" na Mambo ya Ovyo

Tufungue Injili ya Yohana, sura ya 3, mstari wa 20. Bwana wetu anazungumza na Nikodemo, ni usiku, naye anamweleza kwa nini watu wengine hawataki kuja penye nuru: ni kwa sababu ya matendo yao. Katika Biblia ya Union Version, iliyotoka mwaka 1952, matendo hayo yanaitwa "mabaya". Tukilisikia neno hilo, mawazo yetu hukimbilia kwa mwuaji, au jambazi, au mchawi. Nasi tulioketi kimya katika viti vyetu siku ya Jumapili twajiona tumepona.

Lakini neno lililoandikwa hapo kwa Kiyunani ni faulos. (Halina udugu na faulo ya mpira. Faulo imetoka kwa Waingereza, na asili yake ni kitu kilichooza na kunuka.)

Kiyunani kina maneno kadhaa ya ubaya. Liko kakos, ambalo ni ubaya kwa jumla. Liko poneros, lililotokana na neno la taabu, nalo hutumika hata kwa yule adui tunayemtaja katika Sala ya Bwana. Liko pia sapros, yaani kilichooza. Hilo ndilo lililotumika kwa samaki waliotupwa katika mfano wa juya, Mathayo 13:48, na kwa ule mti usiofaa wa Mathayo 7. Hapo watafsiri wetu waliandika mti "mwovu", nami nawasifu, maana "ovu" na "bovu" katika Kiswahili ni ndugu wa tumbo moja. Nyanya bovu na moyo mwovu tumevipa neno moja tangu zamani, bila kufundishwa na Wayunani.

Faulos si kuoza. Wayunani walilitumia kwa kitu hafifu, cha bei rahisi, kisicho na uzito, kazi iliyofanywa bila uangalifu, chakula duni. Mara chache lilikuwa hata sifa, kwa mtu wa kawaida asiye na makuu. Polepole likafika kwenye ubaya wa tabia, lakini halikuacha kabisa maana yake ya kwanza.

Wakulima wa kahawa wa Meru na Arusha watalielewa upesi. Kahawa mbivu ikiisha kuchumwa, kabla ya kumenywa, humwagwa katika maji. Zilizo nzito huzama, na nyepesi huelea. Hizo zinazoelea huenguliwa na kuwekwa kando, maana nyingine zimetobolewa na wadudu, na nyingine punje yake haikujaa kwa sababu ya ukame. Ukizitazama mtini zote ni nyekundu, huwezi kuzitenga kwa macho. Wala si sumu. Hukaushwa pamoja na maganda yake na kuuzwa kwa bei ya chini. Hiyo ndiyo faulos: kwa nje kama wenzake, ndani hamna kitu.

Kwa hiyo, kama ningeombwa ushauri, pale Yohana 3:20 ningeandika "mambo ya ovyo". Tazama jinsi mstari unavyobadilika. Anayeikimbia nuru si jambazi peke yake. Yumo na yule anayepanga nyanya nzuri juu ya tenga na mbovu chini, yumo fundi aliyepunguza saruji katika ukuta wa jirani, yumo mzee wa kanisa aliyeandika hesabu za sadaka kwa kukisia. Hawa hawakumwaga damu ya mtu. Lakini hakuna hata mmoja wao atakayependa tenga limwagwe mezani saa sita mchana.

Neno hili limo katika Agano Jipya mara 6 tu: Yohana 3:20 na 5:29, Warumi 9:11, 2 Wakorintho 5:10, Tito 2:8 na Yakobo 3:16. (Katika Warumi na 2 Wakorintho nakala za kale hazikubaliani, nyingine zina kakos.) Ukiisoma mistari yote 6 pamoja utaona jambo ambalo mimi naliona kuwa kubwa kuliko mengine yote. Neno hilo hutajwa kwa matendo, au kwa jambo, au kwa neno lisemwalo. Halitajwi hata mara moja kwa mtu.

Wayunani wenyewe hawakuwa hivyo. Aristotle, katika kitabu chake juu ya ushairi, asema mchezo wa kuchekesha huonyesha watu walio faulos. Wastoiko, ambao Paulo alikutana na baadhi yao Athene (Matendo 17:18), waligawa wanadamu mafungu mawili. Mwenye hekima kamili ni nadra sana kuonekana. Wengine wote ni faulos.

Na sisi je? Hapa mlimani na kule mjini twasema, "Yule ni mtu bure." Twasema, "Kijana wa ovyo, usihangaike naye." Mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa huanza kupimwa kabla hajajua kutembea. Sasa soma Warumi 9:11. Paulo anawataja mapacha wa Rebeka walio bado tumboni, na anasema wazi kwamba walikuwa hawajafanya lolote, si jema wala faulos. Hakuna azaliwaye ameelea juu ya maji. Anayemnyima mtoto nafasi katika darasa la ubatizo kwa sababu ya habari za mama yake, anasoma Wastoiko, hasomi Warumi.

Mtu ataniuliza: mbona katika mfano wa talanta, Mathayo 25:30, yule mtumwa ameitwa asiyefaa? Kweli, ameitwa hivyo. Lakini neno hapo ni jingine, achreios, na aliyelitamka ni bwana wake, baada ya kukagua hesabu. Hakulitamka mtumwa mwenzake. Na katika Luka 17:10 neno lilo hilo twaagizwa kujiambia wenyewe, tena baada ya kuimaliza kazi yote.

Iko pia barua ya Paulo kwa Filemoni, juu ya mtumwa wake Onesimo aliyeachana na bwana wake. Paulo hafichi kwamba zamani mtu huyo alikuwa hamfai Filemoni kitu. Ndipo anacheza na maneno, maana jina Onesimo kwa Kiyunani maana yake ni "mwenye kufaa", na sasa, asema Paulo, anawafaa wote wawili. Halafu anamrudisha na barua mkononi, na kama kuna deni lolote anaahidi kulilipa yeye.

Watakaokutana nyumba kwa nyumba juma hili wasome Filemoni yote. Ni sura moja. Kisha wasome Yakobo 3:13 hadi 18, na kutazama ni mambo gani mawili, kwa neno la Yakobo, yanayozaa kila tendo la ovyo katika kusanyiko.