Mizani ya Vifuniko

Shule nyingi hazina mizani ya maabara. Hata hivyo, mizani inayofaa yaweza kutengenezwa kwa vitu vilivyotupwa nyumbani.

Tafuta ubao mwembamba ulionyooka wenye urefu wa sentimeta 30, vifuniko viwili vya makopo ya dawa ya viatu vilivyo sawa kwa ukubwa, uzi, msumari, na waya mwembamba wenye unene uleule kote.

Weka alama katikati ya ubao, sentimeta 15 kutoka kila ncha. Mwombe mwalimu atoboe tundu hapo, karibu na ukingo wa juu. Tundu likiwa karibu na ukingo wa chini, ubao utapinduka. Toboeni pia tundu moja sentimeta 1 kutoka kila ncha, na matundu matatu ukingoni mwa kila kifuniko. Ning'iniza vifuniko kwa nyuzi zenye urefu sawa. Pitisha msumari katika tundu la katikati, uupigilie kwenye nguzo. Ubao ucheze kwa urahisi. Upande mmoja ukilemea, bandika udongo wa mfinyanzi upande mwepesi mpaka ubao ulale sawa.

Usiiamini bado mizani yako. Weka kokoto katika kifuniko kimoja na mchanga katika kingine mpaka vilingane. Sasa vibadilishane mahali. Je, ubao bado umelala sawa? Ukiinama, mikono ya mizani haina urefu sawa, na udongo hauondoi kosa hilo. Mizani ya namna hii dukani humpunja mnunuzi au mwenye duka, ingawa ikiwa tupu huonekana njema. Pima upya umbali kutoka tundu la katikati, kisha urekebishe.

Mawe ya mizani tutayapata kwa maji. Mililita 1 ya maji safi ina gramu 1 hivi. Chukua kijiko cha plastiki cha dawa ya kikohozi chenye alama ya mililita 5. Mimina vijiko viwili vya maji katika kifuniko kimoja. Weka waya katika kingine, ukiukata kidogo kidogo mpaka vilingane. Waya huo una gramu 10. Unyooshe, uukate vipande 10 vyenye urefu sawa. Kila kipande kina gramu ngapi?

Kausha kifuniko. Pima punje 20 za mahindi, kisha tafuta gramu za punje moja. Kwa nini hatukupima punje moja peke yake?