SOMO LA KIKUNDI: MGONJWA ANAYEMEZA DAWA ALE MBOGA AU ASILE?



Tukitembelea vikundi vya huku Laare tunasikia neno moja mara kwa mara: "Ukimeza antibayotiki usiguse mboga za majani, zinaua nguvu ya dawa." Mmoja anasema ni sukuma wiki, mwingine terere, mwingine majani ya kunde. Tulidhani ni jambo dogo mpaka tulipokutana na mama mmoja.

Mama huyu alipatikana na nimonia, akapewa amoksilini ameze mara tatu kwa siku. Jirani akamwambia asile mboga. Tena alikuwa amesikia kwamba dawa haimezwi na tumbo tupu. Nyumbani kulikuwa na unga na sukuma ya shambani, basi. Sasa afanye nini? Mboga amekatazwa, na bila kula anaogopa kumeza. Siku iliyopatikana mkate, alimeza. Siku mkate ulipokosekana, aliacha. Siku ya nne homa ilipanda, akarudishwa hospitali usiku kwa pikipiki. Tunashukuru alipona. Lakini kilichomrudisha si mboga. Ni vidonge alivyoviacha kwenye karatasi.

Ukweli ni upi?

Amoksilini haigombani na mboga. Inaingia kwenye damu ukiwa umekula au hujala. Kula sukuma, terere, managu, mukimo wenye majani ya malenge, chochote ulicho nacho. Mgonjwa anahitaji chakula chenye nguvu ili mwili upigane na ugonjwa. Kumnyima mboga ni kumwongezea udhaifu.

Basi neno hili lilitoka wapi? Tunaona njia mbili. Kwanza, antibayotiki huua vijidudu vya ugonjwa, lakini pia huua vile vizuri vinavyokaa matumboni. Kwa hivyo watu wengine huendesha kidogo, halafu lawama inaangukia mboga waliyokula jana. Pili, kuna wagonjwa wanaotumia warfarini, dawa ya kuzuia damu isigande. Hao huambiwa wawe waangalifu na mboga za majani, kwa sababu zina vitamini K inayopunguza kazi ya dawa hiyo. Hata wao hawakatazwi kabisa: wanatakiwa kula kiasi kile kile kila wiki, wasipandishe na kushusha. Warfarini si antibayotiki.

Dawa zenye masharti ya kweli

1. Tetrasaiklini, doksisaiklini na siprofloksasini. Hizi hushikana na vidonge vya kuongeza damu na dawa za kiungulia, zikapita tumboni bila kufanya kazi yote. Tetrasaiklini na siprofloksasini hushikana na maziwa pia. Meza antibayotiki kwanza, halafu ngoja angalau masaa 2.

2. Ampisilini na fluklosasilini. Hizi humezwa tumbo likiwa tupu: saa 1 kabla ya chakula au masaa 2 baada ya kula.

3. Metronidazoli, ile wengi huita Flagyl. Usinywe pombe ukiitumia, wala siku 3 baada ya kumaliza.

Na majani yale mengine je?

Hapa tusifichane. Kuna majani ya Nyambene ambayo yanagusa dawa, nayo ni miraa. Mwaka 1997 ulitolewa utafiti uliofanywa Yemen kwa wanaume wazima wenye afya. Ilionekana kwamba ukimeza ampisilini wakati wa kutafuna, dawa inayoingia mwilini inapungua sana. Ikimezwa masaa 2 baada ya kumaliza kutafuna, haina shida hiyo. Amoksilini iliguswa kidogo tu, ilipomezwa katikati ya kutafuna. Hatusemi miraa isilimwe. Tunajua imelipa karo za watoto wengi hapa. Lakini miraa huondoa hamu ya kula na usingizi, na mgonjwa anahitaji vyote viwili. Ajabu ni kwamba tunamkataza mgonjwa sukuma, huku tukimwachia kichuna mfukoni. Afadhali aiweke kando mpaka amalize dawa.

Tukumbuke

- Uliza anayekupa dawa: inaitwaje, nimeze saa ngapi, na chakula au bila?
- Maliza dawa kama ulivyoandikiwa hata ukijisikia vizuri. Usimgawie jirani, wala usiweke akiba.
- Kama chakula hakuna, usiache amoksilini. Imeze na maji.
- Ukitokwa na upele, ukivimba uso au ukishindwa kupumua vizuri, usimeze tena, kimbia hospitali. Vivyo hivyo ukiendesha sana au ukiona damu, rudi upesi.

Maswali ya kuzungumzia kikundini

1. Katika boma zetu, wagonjwa hukatazwa vyakula gani? Nani alisema, na kwa sababu gani?
2. Je, kuna mwanachama aliyewahi kuacha dawa kwa kukosa chakula? Kikundi kingemsaidia vipi?
3. Tunaweza kupanga nani amtembelee mgonjwa na bakuli la chakula, na kumkumbusha saa ya dawa?

Swali la tatu msilipite haraka. Yule mama alikuwa mwanachama wa kikundi, na siku zile nne hakuna aliyebisha mlangoni kwake.