Usimwambie Ajikaze: Kijitabu cha Nyumba za Rangwe

Kwa nini tumekiandika

Mzee mmoja alifika kliniki mara tatu ndani ya mwezi. Kichwa, mgongo, usingizi hauji. Kila mara kipimo cha malaria kilionyesha hana kitu, na mara mbili alirudi nyumbani na vidonge vya maumivu. Safari ya tatu nilimuuliza tu, "Mzee, nyumbani kukoje?" Akavua kofia, akawa anaizungusha mikononi. Mkewe alizikwa miezi mitano nyuma, deni la matanga lingalipo, na kila aliyemgusia habari hizo alimjibu neno moja: jikaze. Aliongea karibu nusu saa. Siku hiyo hakutoka na dawa. Alitoka na siku ya kurudi.

Nimechoka kuwapokea watu kama yeye wakiwa wamechelewa, ilhali wamezungukwa na ndugu, majirani, chama na kwaya.

Neno la kuacha

Jikaze. Mwenye huzuni nzito amejikaza miezi mingi kabla hujamwambia. Ukimwambia tena, anaelewa kwamba umefunga mlango. Usimwambie ajikaze.

Kuongea ni tiba

Wengine watasema haya ni mambo ya wazungu. Basi tazama jirani zetu wa ng'ambo ya ziwa. Mwaka 2002, katika vijiji vya Masaka na Rakai, Uganda, watu wenye huzuni nzito walikutana kwa vikundi mara moja kwa wiki, dakika 90, kwa wiki 16. Kiongozi hakuwa daktari. Alikuwa mtu wa eneo lao aliyefunzwa kwa wiki mbili. Walizungumza kuhusu misiba, ugomvi wa nyumbani, upweke. Mwishoni, kati ya kila watu 100 wa vikundi hivyo, kama 7 tu walikuwa bado na ugonjwa. Katika vijiji visivyokuwa na vikundi walikuwa kama 55.

Kule Harare, Zimbabwe, tangu 2006 ni akina nyanya waliofunzwa wanaokaa na wagonjwa kwenye benchi nje ya kliniki. Nyanya tunao.

Wanaume

Hasa nyinyi: ongeeni.

Ukikaa na mtu aliyelemewa

Muulize, kisha unyamaze. Usimkatize. Usimsimulie shida zako ili aone zake ni ndogo. Usimwambie ni chira, wala usimtafutie kosa alilofanya kwa marehemu. Usimnunulie chang'aa, usingizi wa pombe unaisha saa nane usiku, na hapo ndipo mawazo huwa mabaya zaidi. Usiyapeleke maneno yake sokoni. Ukikosa la kusema, sema "Endelea, niko hapa." Usimwambie ajikaze.

Akisema amechoka kuishi, muulize waziwazi kama anafikiria kujiua. Kumuuliza hakumpi wazo hilo; mara nyingi kunampa nafuu ya kulitoa. Usimwache peke yake. Dawa za shamba na za mifugo zipelekwe kwa jirani zikafungiwe. Mlete hospitali siku hiyo hiyo, hata kama ni usiku.

Msiogope polisi. Kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilichofanya kujaribu kujiua kuwa hatia, Mahakama Kuu ilikitangaza kuwa kinyume cha Katiba mnamo Januari 2025. Mlete.

Wanaotumia ARV

Huzuni inaweza kumfanya mtu aruke vidonge. Ukiona vinabaki kwenye chupa, usigombe. Muulize nyumbani kukoje.

Mistari yako

Kuongea na mtu ni nusu ya kazi. Nusu nyingine ni kujiwekea msimamo wa kushika siku mbaya ikifika. Uandike ukiwa na nafuu, kwa sababu siku yenyewe hutaweza kufikiri. Uwe mfupi, na uwe wako: wa mhubiri ni mzuri lakini ni wa mhubiri. Mama mmoja ameubandika wake ndani ya mlango wa kabati la vyombo:

Siamui jambo kubwa usiku.
Nikishindwa kulala siku tatu, namwambia dada yangu.
Deni halinifanyi mtu mbaya.

Mstari wa pili ndio ninaoupenda, maana unamtaja mtu. Na msimamo usiwe "nitajikaza". Huo umeshindwa tayari.

Pa kwenda

Anza kwa mhudumu wa afya ya jamii wa kijiji chako. Hospitali ya Rangwe ipo. Simu ya bure ya Msalaba Mwekundu ni 1199. Anayesikia sauti ambazo wengine hawazisikii, au asiyekula wala kulala kabisa, maneno peke yake hayamtoshi. Anahitaji kuonwa na daktari.

Nafasi ya kuandika

Ukurasa wa nyuma tumeuacha mtupu kwa ajili ya mistari yako mitatu. Mmoja uwe na jina la mtu utakayemwambia. Kama huna kalamu, azima kwa mtoto wa shule.