Uhifadhi wa Majengo ya Kale: Mji Mkongwe wa Zanzibar

Chanzo cha uchakavu: Baada ya Mapinduzi ya 1964, wenye nyumba wengi waliondoka. Serikali ilitaifisha nyumba zao na kuzipangisha kwa kodi ndogo, isiyotosha matengenezo. Paa likivuja, boriti za mikoko huoza, dari huanguka, kisha kuta hubomoka.

Hatua zilizochukuliwa:
(i) 1985: Mamlaka ya kuhifadhi mji iliundwa.
(ii) 2000: UNESCO iliutangaza kuwa Urithi wa Dunia.

Hata hivyo, Desemba 2020 sehemu ya Beit-al-Ajaib, jengo la 1883, iliporomoka.

Kumbuka: Kuta za mawe na chokaa hukarabatiwa kwa chokaa. Saruji huzuia unyevu kutoka.

Swali: Kukarabati nyumba na kumhamisha mpangaji maskini ni kuuhifadhi mji? Jadili.